Mashua zimetoweka Bwawa la Nairobi, majitaka yamebaki

Wahenga wa pwani walinena kuwa kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia atatembea kutoka nyuma ya chombo hadi mbele, atapanda mlingoti na kushuka, lakini hatimaye atarudi ngamani, pale chini kabisa ambapo maji yote yanayovuja hukusanyika. Nahodha mwenye busara haoni haya kuteremka huko kila asubuhi. Huinama, huchungulia, na akiona maji yamezidi huyachota na kuyamwaga kabla hayajamlemea. Nahodha mpumbavu hupaka chombo rangi, hutweka tanga jipya na kuisahau ngama. Hadithi yake haiwi ndefu.

Jiji la Nairobi nalo lina ngama yake. Iko kati ya Kibera na Barabara ya Lang'ata, nayo huitwa Bwawa la Nairobi. Mgeni anayesimama kandokando yake leo ataona majani, matope, mafunjo na bustani za mboga na nduma. Ukimwambia kuwa mahali hapo watu walikuwa wakishindana kwa mashua za matanga, yamkini atadhani unamfanyia mzaha. Lakini si mzaha. Ni kweli, na kweli hiyo ina mafunzo kwa kila mkazi wa jiji hili, hasa wakati huu ambapo serikali imeahidi tena kuisafisha mito yetu.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, nchi ikiwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakoloni waliyazuia maji ya Mto Motoine, ambao huanzia upande wa Dagoretti, hupita kando ya Kibera na kuingia bwawani. Ukishatoka humo, mto huo huitwa Ngong. Eneo la bwawa lilikuwa takriban ekari 88, na nia ya kulijenga ilikuwa kuliwekea jiji akiba ya maji ya kunywa. Naam, msomaji, maji ya kunywa!

Penye maji hapakosi chombo. Klabu ya mashua na upigaji mbizi ilipata makao kando ya bwawa, na hadi miaka ya 1970 na baadaye watu walikuwa wakitweka matanga na kuvua samaki kwa kujistarehesha. Nairobi, jiji lililo umbali wa kilomita karibu 500 kutoka baharini, likawa na mabaharia wake. Wakazi wengine wa jiji walijua raha ya kupiga makasia katika kidimbwi cha Uhuru Park tu, tena kwa kulipia. Lakini kule bwawani kulikuwa na watu wenye mashua zao wenyewe, waliozijua kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake.

Kumiliki mashua si jambo la mchezo. Anayeinunua hudhani gharama imekwisha siku ya kulipa, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mbao hupasuka kwa jua na kuoza kwa unyevu. Kamba hukatika, matanga huchanika, vyuma hushikwa na kutu. Wenzetu wa Lamu, ambako kijiji cha Matondoni kinasifika kwa waunzi wake, hulijua jambo hili kwa dhati. Chombo hupandishwa ufuoni, kikaegemezwa upande, kikakwanguliwa uchafu na viumbe vilivyogandamana nacho. Nyufa huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi waiitayo kukalafati. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake haisahauliki. Haya hurudiwa tena na tena maadamu chombo kingali hai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna mahali pa kujengea ukuta.

Mabaharia wa Bwawa la Nairobi nao walikuwa na kazi yao ya kupiga msasa, kupaka rangi, kushona matanga na kubadilisha kamba. Hatuna haja ya kuwalaumu kwa uvivu. Mashua zao hazikufa kwa kukosa rangi. Zilikosa maji ya kupitia.

Mashua ya matanga hudai mambo mawili kwa maji. Kwanza, hudai kina cha kutosha chini ya mkuku wake. Pili, hudai usafi, kwa kuwa kila anayejifunza kuendesha mashua ndogo hupinduka siku moja, na akipinduka maji humwingia kinywani. Maji yanayofaa mashua, basi, ni maji ambayo mtu anaweza kuyameza bila kukusudia na bado akaamka salama kesho yake. Hicho ndicho kipimo. Hakihitaji maabara wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Kwa kipimo hicho, Bwawa la Nairobi lilianguka mtihani. Udongo uliosombwa na mvua kutoka juu ulilijaza hatua kwa hatua. Taka ngumu zikafuata udongo. Majitaka yakafuata taka. Hatimaye, katika miaka ya 1990, likaja gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini ambao wavuvi wa Ziwa Victoria wanaujua kwa machungu, kwa kuwa umewahi kuyazuia maboti yao yasitoke katika ghuba ya Kisumu. Gugu hilo lilitandaza zulia la kijani juu ya bwawa. Wengi walililaani gugu. Lakini gugumaji hunawiri penye samadi. Halikuyaharibu maji ya Nairobi. Liliyakuta yameharibika, likajisikia nyumbani.

Samadi hiyo ilitoka wapi? Hapa ndipo waungwana wengi hunyosha kidole kuelekea Kibera na kuishia hapo. Ati watu wa Kibera ni wachafu. Ati wanatupa kila kitu mtoni. Ati hawathamini mazingira. Shutuma hii tumeisikia kwa miaka mingi, nayo inahitaji kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ina chembe ya ukweli iliyofungwa katika gunia la dhuluma.

Ni kweli kwamba uchafu wa Kibera huteremka hadi bwawani. Maji hayapandi mlima. Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba na vijiji vingine vimejengwa juu ya mteremko unaoelekea mtoni. Kijiji kimoja jirani na bwawa huitwa Silanga, neno ambalo huko Ukambani maana yake ni bwawa. Lakini tujiulize: mkazi wa mteremko huo aliachiwa njia gani nyingine? Kibera ilianza kama makao ya askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la mkoloni, nao wakaiita kwa neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Serikali ya mkoloni haikuwapa hati. Serikali ya uhuru nayo iliendelea kuihesabu ardhi hiyo kuwa yake, na wakazi wake kuwa wavamizi. Ilifika mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288.

Mvamizi halazwi bomba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya watawala wetu kwa miongo mingi, ingawa haikuandikwa popote. Mabomba ya majitaka yaliwafuata wenye hati, na asiye na hati aliachwa na shimo la choo analotumia pamoja na majirani kadha wa kadha, au mfuko wa plastiki unaotupwa usiku, ule ambao watu wa Nairobi waliuita choo cha kuruka. Shimo likijaa, yaliyomo yalichotwa na kumwagwa mahali pa karibu palipo chini zaidi. Mahali hapo ni mto.

Kwa hivyo bwawa lilikuwa na kingo mbili. Ukingo mmoja ulikuwa na mashua, na ukingo wa pili haukuwa na choo. Kwa miaka mingi jiji lilidhani kingo hizo zinaweza kuishi bila kujuana. Maji yalikataa. Maji hayajui hati ya shamba wala kadi ya uanachama. Yaliuchukua umaskini wa ukingo mmoja yakaupeleka hadi kwenye gati la ukingo wa pili, na mashua zikapoteza njia.

Msomaji wa Kawangware asidhani kuwa habari hii ni ya jirani. Mtaa wake haumwagi bwawani bali katika Mto Nairobi, unaotoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu na kupitia upande wa Dagoretti kabla ya kuingia katikati ya jiji. Kawangware haina bwawa wala haikuwa na mashua; mto wake ni wa kina kifupi, na mtoto aweza kuuvuka kiangazi bila kulowa magoti. Lakini mito hii ni ndugu. Ngong na Nairobi hukutana mashariki mwa jiji, huungana na Athi, huitwa Galana ukifika nyika, halafu Sabaki, na huingia baharini karibu na Malindi. Uchafu unaotupwa mtaroni Kawangware hauna kizuizi kati yake na Bahari ya Hindi ila umbali. Mvuvi wa Malindi akivuta ngalawa yake ufuoni na kuipaka mafuta, hana habari kuwa sehemu ya maji yaliyo mbele yake yalianza safari nyuma ya nyumba za mabati jijini Nairobi.

Tena Kawangware inatufundisha kwamba hati peke yake haitoshi. Huko, tofauti na Kibera, sehemu kubwa ya ardhi ina wenyewe. Wamiliki hujenga vyumba vya kupangisha na kukusanya kodi kila mwezi. Kukosekana kwa vyoo vya kutosha huko hakuwezi kulaumiwa kwa uvamizi. Ni suala la mwenye ploti anayeona ni heri kuongeza chumba kimoja cha kodi kuliko kuunganisha bomba, na la jiji linalopokea ushuru wake bila kumuuliza.

Hebu sasa tutazame ng'ambo kidogo, si kwa kuwaabudu wazungu bali kwa kuwa mfano wao una jambo la kutufaa. Nchini Uingereza kuna mifereji iliyochimbwa hasa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 ili kubeba makaa, vyungu na bidhaa za viwanda. Fundi mashuhuri James Brindley na wenzake walijenga malango ya kupandishia na kuteremshia vyombo ambayo upana wake ni kama futi 7 tu. Kwa hiyo mashua za mifereji hiyo zikawa nyembamba hivyo hivyo, ilhali urefu wake waweza kufika futi 70. Familia nzima zilizaliwa, zikalelewa na kuzeeka ndani ya vyumba vya upana huo.

Baadaye reli na malori yaliipokonya mifereji kazi yake. Kufikia katikati ya karne ya 20, mingi ilikuwa imejaa matope, magugu na vyuma vya kutupwa. Ungeiona ungedhani uko Silanga. Mwaka 1946 wapenzi wa mashua waliunda chama cha kuitetea mifereji, wakabishana na serikali, wakachimba matope kwa mikono yao. Mfereji wa Kennet na Avon, ambao sehemu zake zilikuwa hazipitiki kwa miongo mingi, ulifunguliwa upya na Malkia Elizabeth mwaka 1990. Zingatia mwaka huo, msomaji. Katika mwongo ule ule ambao wao walikuwa wakiyarudisha maji yao, sisi tulikuwa tukiyazika yetu.

Leo maelfu ya Waingereza huishi katika mashua hizo nyembamba, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuwa kodi ya nyumba London imewashinda. Mwenye mashua hulipa leseni. Lazima awe na bima. Kila baada ya miaka 4 chombo chake hukaguliwa gesi, umeme na moto ili apate cheti cha usalama. Kila baada ya miaka michache hupandisha mashua nchi kavu, akalikwangua tumbo lake la chuma na kulipaka lami ili lisiliwe na kutu. Asiye na mahali maalumu pa kuegesha hutakiwa na sheria ya mwaka 1995 asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Huiendesha polepole, mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na akipita penye mashua zilizoegeshwa hupunguza zaidi ili mawimbi yake yasizikatie kamba.

Pana kanuni nyingine ambayo ningependa kila diwani wa Nairobi aijue. Apitaye kwenye lango la mfereji hushuka chomboni, hufungua vilango vidogo vya maji kwa mkono wa chuma, hungoja maji yasawazike, hupita, kisha huhakikisha amefunga kila kitu nyuma yake. Akisahau, maji ya sehemu ya juu yataisha, na mwenzake ajaye ataikuta mashua yake imekaa juu ya matope. Hakuna aliye na maji yake peke yake. Kila aliye juu ni mlinzi wa aliye chini.

Na choo je? Mwenye mashua haruhusiwi kuumwaga uchafu wa choo chake mferejini. Huuhifadhi katika tangi au kasha, akaupeleka kwenye kituo maalumu. Huko hukuta pia bomba la maji safi na mahali pa kutupia taka. Shirika linaloisimamia mifereji mingi ya Uingereza na Wales, ambalo tangu mwaka 2012 ni wakfu wa hisani badala ya idara ya serikali, huviweka vituo hivyo njiani, na mwenye leseni huvitumia.

Sasa linganisha. Chumba cha kawaida cha Kibera au Kawangware ni cha futi 10 kwa 10, au zaidi kidogo. Chumba cha mashua ni cha futi 7 kwa upana. Kwa hivyo wembamba wa makao si chanzo cha uchafu. Mwingereza anayeishi katika boksi la chuma hana tabia njema kuliko mama wa Gatwekera anayefagia mlango wake alfajiri. Tofauti ni kuwa mmoja akijaza tangi lake anajua pa kulipeleka, na wa pili hajui. Mmoja amepewa wajibu pamoja na nyenzo za kuutimiza. Wa pili amepewa lawama peke yake. Hata Uingereza penyewe, kampuni kubwa za maji zimelaumiwa vikali miaka ya karibuni kwa kumwaga majitaka mitoni. Tabia njema ya mwenye mashua haitoshi pale mwenye bomba anapokuwa mzembe.

Turudi nyumbani. Mradi wa kulisafisha bonde la Mto Nairobi ulianzishwa mwaka 1999 kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa jijini. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008 hadi alipofariki Februari 2012, aliwasukuma watu kazini kwa ukali wake uliojulikana, na maji yakaanza kung'aa sehemu fulani. Alipofariki, taka zikarudi. Mwaka 2022 serikali iliunda tume ya Mto Nairobi. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kuufufua mto huo ambao gharama yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 50.

Hatupingi mipango hii. Mwenye kuona ngama imejaa na bado akapinga kukumba maji ni adui wa nafsi yake. Lakini historia inatulazimu kuuliza maswali. Mbona kazi iliyofanywa mwaka huu haionekani mwaka ujao? Jibu ni kwamba mara nyingi tumepaka rangi mashua inayovuja. Tumezoa plastiki kingoni, tukapanda nyasi, tukapiga picha na mabango, huku shimo linaloingiza maji likiachwa wazi. Kukwangua bwawa bila kulaza mabomba juu yake ni sawa na kukumba maji bila kukalafati. Utafanya kazi usiku kucha, na asubuhi maji yatakuwa pale pale.

Pana hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu wengi nchini, na serikali ikaamuru walio kandokando ya mito, katika mita 30, waondoke. Nyumba zikabomolewa. Ni kweli kwamba mtu hapaswi kulala penye njia ya mafuriko, na mauti si jambo la kubishana nalo. Lakini wengi wa waliobomolewa walikuwa maskini, na wananchi walishuhudia majumba ya fahari yaliyo karibu na mito yakiendelea kusimama. Ikiwa bwawa litafufuliwa kwa mtindo huo, tutapata maji safi, gati zuri, mashua nyeupe na mikahawa, na mkazi wa Silanga atakuwa amehamishiwa mahali ambapo hata harufu ya maji hayo haimfikii. Ukingo wa pili utakuwa umefutwa, si umesafishwa.

Wapo watakaosema kuwa kuzungumza juu ya mashua wakati watu hawana vyoo ni anasa. Huu ni ukosoaji wa haki, nami nauheshimu. Lau ningekuwa nataka jiji litumie fedha za umma kuwanunulia mabwanyenye mahali pa kuchezea mwisho wa wiki, ningestahili kuzomewa. Lakini sisemi hivyo. Nasema mashua ni kipimo na ni mlinzi. Ni kipimo kwa sababu haiwezi kudanganywa kwa ripoti. Ama inapita ama imekwama. Ni mlinzi kwa sababu mwenye chombo hana budi kupiga kelele maji yanapooza, na kelele za wengi husikika kuliko za wachache. Kosa la zamani lilikuwa kwamba wenye mashua walikuwa wachache, tena wa ukingo mmoja. Bwawa lilipokufa, wachache hao walihuzunika na jiji likaendelea na shughuli zake. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini nani husikiliza kilio cha chungu?

Kwa hiyo utaratibu wa kazi ndio utakaoamua kama shilingi bilioni 50 zitakuwa dawa au rangi. Kwanza ni mabomba ya majitaka na vyoo, Kibera na Kawangware kote. Katiba ya mwaka 2010 imeandika bayana, katika vifungu vya 42 na 43, haki ya kila mtu ya mazingira safi, maji safi na usafi unaokubalika. Haikusema kila mtu mwenye hati. Katika sehemu kadhaa mabomba yamelazwa miaka ya karibuni. Kazi hiyo ikamilishwe hadi kijiji cha mwisho. Kule Kawangware, mwenye ploti asiyeunganisha nyumba zake na bomba lililopita mlangoni pake ashurutishwe na sheria.

Pili ni taka. Vikundi vya vijana ambavyo tayari hukusanya taka nyumba kwa nyumba vipewe mikataba na malipo ya kueleweka, si kofia na fulana za siku moja. Tatu ndipo matope yachimbwe bwawani, na wanaolima humo wasifukuzwe kama ndege bali wapewe mahali pengine pa kulima. Ardhi ya bwawa, ambayo imegombaniwa kwa miaka mingi, ipimwe, iwekewe mipaka na itangazwe kuwa ya umma bila ya kigugumizi.

Nne, na hapa ndipo ninaposimama kidete, diko la kwanza la mashua lijengwe upande wa Kibera. Lijengwe chini ya Silanga, na ufunguo wake ukabidhiwe ushirika wa wakazi. Wala mashua hazitahitaji kuagizwa ng'ambo. Mafundi wa jua kali wa Kibera na Kawangware wanaochomelea malango ya chuma na matangi ya maji wanaweza kabisa kuunda mashua za kupiga kasia zenye tumbo bapa, ikiwa watapata mchoro na mkaguzi. Waunzi wa Lamu wanaweza kualikwa wafundishe kazi ya mbao. Vijana wafundishwe kuogelea kabla ya kushika kasia, na pasiwe na abiria asiye na koti la kujiokolea. Kila chombo kiwe na nambari, leseni ya bei nafuu na ukaguzi wa kila mwaka. Leseni iambatane na wajibu: mwenye chombo atapeleka taarifa ya kila bomba lililopasuka na kila lori linalomwaga uchafu usiku.

Jambo hili likifanywa, mambo mawili yatatokea. Kijana wa Kibera atakuwa na kitu chake majini, naye hatanyamaza kikiharibiwa. Halafu yule wa ukingo wa Lang'ata atajua kuwa usalama wa tanga lake unategemea choo cha jirani yake. Huo ndio ujirani wa kweli. Haujengwi kwa hotuba bali kwa hofu ya pamoja na manufaa ya pamoja.

Wako watakaouliza ni lini tutajua kuwa mpango huu mpya umefaulu. Wasitafute jibu katika hotuba za uzinduzi wala katika mabango ya barabarani. Wangoje siku ambayo mtoto wa Silanga atapindukiwa na mashua katikati ya bwawa, aibuke akicheka, ateme maji, apande tena, na mama yake aliye ukingoni asikimbilie zahanati. Hadi siku hiyo ifike, mawaziri na magavana watatembea tezi na omo kadiri wapendavyo. Marejeo yao, na yetu sote, ni ngamani.